Sura ya Mama Kwenye Fulana

Devota aliwaona kabla hawajashuka, na akawadharau kabla hawajafungua midomo. Kosta nyeupe ilisimama mbele ya nyumba ya mama yake, mtaa ulio nyuma ya stesheni ya zamani ya Kilosa, na madirishani mwake zilijaa nyuso za watu wazima zilizobanwa kwenye vioo kama watoto wanaopita duka la pipi. Wanaume wenye vitambi, wanawake wenye nywele za gharama, kila mmoja ameinua simu, na simu zote zimeelekezwa kwenye mlango ambao yeye alikuwa amekaa kizingitini pake akifunga kamba boksi la safari.

"Wamekuja tena," alimwambia mama yake aliyekuwa ndani. "Wale wehu wako."

"Wa Dar?" sauti iliuliza kutoka chumbani.

"Wa wapi tena? Mtu wa Kilosa mwenye kazi zake atapigaje picha mlango?"

Walishuka. Hapo ndipo Devota alipoona jambo ambalo makundi yaliyotangulia hayakuwa nalo, kamba ikamponyoka. Wote walivaa fulana nyeusi za aina moja, na kifuani pa kila fulana palichapwa sura ya mama yake. Si sura ya sasa. Ni ile ya kwenye filamu: nywele nyeupe zimetimka, mashavu yamechorwa mistari ya masizi, jicho moja limekodolewa juu ya ukingo wa ungo. Chini yake, kwa herufi kubwa: ANAKUONA. Kwenye vitambi sura ile ilivimba, kwenye vifua vya wanawake ilipinda, na kwa bwana mmoja ilikuwa imedondokewa na soda puani.

Kiongozi wao alikuwa mrefu, mwenye miwani, na viatu vyeupe ambavyo vumbi la Kilosa lilikuwa limeshaanza kuvifundisha adabu.

"Habari za hapa, dada. Naitwa Alfred. Sisi ni wapenzi wa filamu ya Yatima wa Mkondoa, tuna kundi letu la WhatsApp. Tunapita sehemu zote zilizopigwa filamu, kutoka hapa mpaka Mikumi. Samahani, hii ndiyo nyumba ya mchawi?"

"Hii ni nyumba ya Paulina," Devota alisema. "Mchawi mmemvaa wenyewe."

Alfred alicheka kwa adabu, kicheko cha mtu ambaye utani umempita pembeni, kisha akaomba ruhusa ya kuugusa mlango. Devota alisogea. Alitaka kuona mtu mzima anaugusaje mlango. Basi akaona: jamaa aliweka kiganja kwenye ubao, akafumba macho, na machozi yakamtoka chini ya miwani. Mwanamume wa miaka arobaini na ushee, mwenye pete ya ndoa na funguo za gari kiunoni, analilia bawaba!

Nyuma yake mwanamke mwembamba aitwaye Lilian, ambaye hakutazama kitu kwa macho yake ila kwa simu tu, alichomoa ungo kwenye begi. Ungo wenyewe ulipakwa rangi nyekundu na kijani, wa kutundika sebuleni. Aliubeba mbele ya uso akapita barazani kwa kunyata, mgongo ameupinda, wenzake wakishangilia na kupiga miluzi. Majirani walitoka kutazama. Mama mmoja wa nyumba ya tatu alimvuta mtoto wake ndani, kama mama yake alivyomvuta yeye zamani.

"Dada," Alfred alinong'ona, akifuta miwani kwa pindo la fulana, yaani kwa kidevu cha mama yake Devota. "Yule bibi mwenyewe alishatangulia mbele ya haki, sivyo?"

"Nani kakwambia nimetangulia?"

Paulina alikuwa amesimama mlangoni. Alivaa gauni la kitenge la kwendea kanisani na kilemba kipya, kwa kuwa siku hiyo alikuwa anasafiri na bintiye kwenda Mikumi, kwenye kipaimara cha mjukuu. Alikuwa na miaka sabini na zaidi kidogo, amenyooka kama mchi. Alimtazama Alfred, halafu fulana, halafu tena Alfred.

Kelele zilizopigwa pale ziliwarusha kunguru wa stesheni. Shikamoo zilimiminika kutoka kila upande, shikamoo bibi, shikamoo mama, na Paulina akaitikia marahaba moja baada ya nyingine bila haraka, kama askofu.

*

Ilikuwaje mpaka sura ya muuza vitumbua ikaishia kwenye fulana za watu wa Dar es Salaam? Filamu ilipigwa mwaka ambao Devota alikuwa darasa la tatu. Ilikuwa hadithi ya binti aliyefiwa na wazazi, akateswa na mama wa kambo, akarogwa na kikongwe, akatoroka kwa treni, na huko porini tembo akamlinda mpaka mchumba wake akamkuta. Takataka, kwa maoni ya Devota. Lakini watoto waliorundikana kwenye vibanda vya video enzi zile waliililia hadi wakaloanisha mikeka, na sasa wamekuwa watu wazima, filamu imewekwa mtandaoni, na kila mwenye likizo anajiona ana haki ya kuja kutafuta utoto wake mlangoni pa mtu.

Mwigizaji wa kikongwe alikwama Morogoro baada ya mvua kukata njia. Wapiga picha walikuwa wamekwisha kuichagua nyumba, taa zimefungwa, na mwongozaji anatukana watu. Ndipo Paulina akatoka uani na ungo kwapani, anafukuza kuku. Alikuwa hajafika hata miaka arobaini na mbili, na mwanamke mzuri kweli, mtoto wa Vidunda aliyeshuka mlimani kuolewa na mfanyakazi wa reli. Watu walisema vitumbua vyake vinanunuliwa nusu kwa ladha na nusu kwa muuzaji. Wakamwomba apite tu mlangoni na ungo, ageuke, atazame. Wakampaka unga wa sembe kichwani na masizi mashavuni. "Tazama kama unamtazama mtu aliyekuibia kuku," mwongozaji alimwambia. Paulina akatazama. Alitazama mara moja, na inasemekana mshika kamera alirudi nyuma hatua.

Filamu ilipokamilika, jioni ya kuonyeshwa kwenye uwanja wa mpira, Paulina alikuwa kitandani na malaria. Devota alikwenda na shangazi yake. Kesho yake vitumbua vilirudi nyumbani kama vilivyotoka, sinia limejaa. Kwanza watu walicheka, wakasema kwamba ni utani. Baadaye mtoto wa jirani akafa kwa surua, utani ukaisha, mawe yakaanza kulia juu ya bati. Shuleni Devota aliitwa Kaungo; hakuna aliyekubali kukaa naye dawati moja. Baba yake aliomba uhamisho wa Tabora, akahama peke yake. Alisema angetuma nauli. Labda bado anaitafuta.

Devota alisoma, akawa mwalimu, akahamia Mikumi. Mama yake alikataa kuondoka. Nyumba ni yangu, alisema, waondoke wao. Na kwa miaka yote hiyo Devota hakuruhusu filamu ile itajwe mbele ya mama yake wala ichezwe nyumbani kwake. Aliwahi kuondoka kwenye harusi ya mwalimu mwenzake kwa sababu waliiweka kwenye runinga ya ukumbini.

*

"Mnakwenda Mikumi?" Alfred alisema aliposikia habari za safari. "Na sisi tunakwenda! Mama, nafasi ipo. Itakuwa heshima kubwa."

"Tunapanda basi," Devota alisema.

"Basi limejaa siku zote," Paulina alisema. "Mimi siwezi kusimama hadi kijiji cha Ulaya na kwapa la mtu usoni."

"Mama, hawa watu—"

"Hawa watu wana viti." Kisha akamgeukia Alfred. "Na hiyo sinema mnayo humo garini?"

"Tunayo, mama! Kuna runinga mbele."

Paulina alikuwa amekwisha kushika boksi. Devota alimfuata akiwa na uso wa mtu aliyelazimishwa kunywa maji ya chooni. Ndani ya Kosta walimketisha mama kiti cha mbele, wakampa soda na korosho, wakajipanga kupiga naye picha: sura ya zamani kifuani, sura yenyewe pembeni. Hakuna aliyemuuliza Devota jina.

Walitoka Kilosa, wakashika barabara ya Mikumi, vumbi likawafuata. Runinga ikawashwa. Sauti ilikuwa ya mkwaruzo na picha ilicheza, lakini abiria wote walijua kila neno. Waliyasema pamoja na waigizaji, na binti yatima alipomlilia marehemu mama yake, nusu ya gari ililia naye. Devota alitazama nje, kwenye mashamba ya mahindi. Alijisikia kama mtu mzima pekee aliyesahauliwa kwenye gari la chekechea.

Halafu gari lote likanyamaza. Alijua kwa nini. Mlango wa nyumbani kwao ulikuwa umejaa kwenye runinga. Mwanamke mwenye ungo akapita, akageuka, akatazama. Imekwisha.

"Ndiyo hiyo tu?" Paulina alisema.

Watu waligeukiana.

"Rudisha," aliamuru.

Dereva, kijana mpole aitwaye Kondo, alirudisha. Mwanamke akapita, akageuka, akatazama.

"Rudisha tena."

Mara hii Paulina alisimama, ameshika kiti kwa mkono mmoja, akasogeza uso karibu na runinga. Picha ilipokwisha alikaa taratibu, akanyoosha kitenge chake magotini. Devota alimshika mkono. Alidhani ndiyo saa aliyoiogopa maisha yake yote imefika.

"Kumbe nilikuwa mzuri hivi," Paulina alisema. "Hata na unga. Tazama ile shingo. Devota, wewe uliiona hii sinema. Miaka yote hiyo mbona hukuniambia?"

Devota alisema la kwanza lililomjia. "Mimi niliona mchawi, mama."

"Basi uliona walichoona wao," mama yake alisema, akautoa mkono wake kuchukua korosho. "Nilifikiri nimeruka angani. Nilifikiri wamenionyesha nakula mtoto. Kumbe napita mlangoni kwangu na ungo wangu! Na kwa hili watu wazima waliacha kununua vitumbua?" Alisonya, msonyo mrefu wa Kividunda ulioanzia mlimani. "Nimekuwa nikiwaheshimu bure wale. Nilidhani wana sababu."

Baada ya hapo aliitazama filamu iliyobaki kama mnunuzi anayekagua mbuzi mgonjwa. Binti yatima anakimbiaje kama kuku aliyefungwa miguu? Mchumba gani huyu, suruali imempanda hadi kifuani? Kwa nini tembo anatazama pembeni, hajalishwa? Abiria walianza kujipindua vitini. Mtu mmoja nyuma alisema kwa unyonge kwamba filamu isikilizwe kimya. Binti alipopotea porini, pale ambapo kila mtu hulia, Paulina alisinzia mdomo wazi, akakoroma.

"Amechoka," Alfred alimwambia Devota, kama anayemwombea radhi. "Si rahisi kuelewa, dada. Mimi mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba. Hii filamu nilikuwa naiangalia kwa jirani kila Jumamosi. Naweza kusema imenilea."

Labda siku nyingine Devota angemhurumia. Lakini alimtazama mama yake amelala, na pale mbele ya macho yake kifua cha Alfred, na kifuani mwake jicho lile lililokodolewa.

"Imekulea wewe," alisema. "Mimi imeninyang'anya baba. Unajua walivyoniita shuleni? Unajua mawe yanaliaje juu ya bati ukiwa umelala chini ya kitanda na mama yako amekufunika kwa mwili wake? Mmekuja kuugusa mlango. Mngeugusa siku ulipopakwa mavi! Mmemchapa kwenye fulana, hakuna aliyeuliza kama ni mtu, kama ana jina, kama yupo hai. Na wewe kwa mdomo wako unasema sielewi."

Hakupiga kelele. Miaka ya kufundisha ilimpa sauti inayofika kiti cha nyuma bila kupanda. Kosta nzima ilisikia. Kondo alizima runinga. Mtu angesema kwamba aibu ilikuwa imepata pa kukaa.

Ndipo Lilian alipochungulia kati ya viti, ameinua simu.

"Dada, samahani," alisema kwa sauti laini. "Unaweza kurudia kuanzia pale pa mawe? Nilikuwa sijabonyeza."

Devota alimtazama kutoka unyayo hadi utosi, akageukia dirisha. Yapo matusi, lakini alihisi ni hasara kuyatumia.

*

Baada ya kijiji cha Ulaya walisimama mahali pa tembo. Yaani, Alfred alisema ndipo. Wenzake watatu walisema si hapo. Waliteremka jua likiwa kali, wakasambaa kwenye nyasi na picha za filamu kwenye simu zao, wakifananisha miti. Huyu anasema mti ni ule wenye tawi lililoinama, yule anasema tawi lilikuwa kushoto. Walitoleana maneno. Mwisho walipiga kura, wakauzunguka mti ulioshinda, wakaukumbatia mmoja mmoja wakipokezana.

Mfugaji wa makamo aliyekuwa anachunga ng'ombe karibu alikuja kuona kuna nini. Aliitwa Sapit. Alimwona kwanza Paulina, aliyeamka na kuteremka kunyoosha miguu, akainamisha kichwa kidogo, akamwita mama kwa Kimaasai. "Shikamoo, yeyo."

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo, majani ndiyo wagonjwa." Alielekeza fimbo kwenye ule mti. "Hawa wanafanya nini? Wanasali?"

"Wanatafuta mti wa sinema."

Sapit alifikiri. "Ile sinema ya tembo? Walimfunga tembo wao kule bondeni, baba alituonyesha. Mti wake tulishaukata, ukawa mkaa." Aliwatazama tena waliokuwa wameukumbatia mti. "Ule una siafu."

Alikuwa bado hajamaliza neno pale mayowe yalipoanza. Devota aliwatazama wapenzi wa Yatima wa Mkondoa wakirukaruka na kujipigapiga mapaja, mmoja anavua kiatu, mwingine anajikuna mahali pasipokunika mbele ya watu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alijisikia vizuri.

Siafu walipokwisha kutolewa, Alfred alimkaribia Paulina akiwa na ule ungo wa rangi, ameushika kwa mikono miwili. Wenzake walisogea nyuma yake wakiwa na simu tayari.

"Mama, tunaomba jambo moja tu. Ule mtazamo. Mara moja, kama zamani."

"Mama, usikubali," Devota alisema.

Paulina aliupokea ungo. Aliugeuza, akaugonga kwa kucha. "Huu hata pumba haupepeti," alisema, akauweka chini kwenye nyasi, akaukalia. Ungo ulilia. Alfred naye alilia kidogo, ndani kwa ndani.

"Zamani niliambiwa nimtazame mwizi wa kuku," Paulina alisema kutoka pale chini. "Leo mnataka nimtazame nani?"

"Yeyote, mama. Nitazame mimi."

Akamtazama.

Kabla ya siku hiyo Devota alikuwa ameiona sura ile mara moja tu, uwanjani, akiwa mtoto. Hakujua kwamba bado ipo. Haikuhitaji unga wala masizi. Jicho lilitulia juu ya Alfred, likakaa, halikupepesa, na kila kitu ambacho mwanamke yule alikuwa hajamwambia mtu kwa miaka thelathini kilipita humo polepole kama behewa la mizigo. Simu ya Alfred ilishuka. Nyuma yake hakuna aliyecheka wala kupiga picha. Mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba, mwingine akasema astaghafirullah.

"Inatosha?" Paulina aliuliza, akanyoosha mkono ainuliwe. Ilibidi Sapit amwinue. Wengine wote walikuwa wamerudi nyuma.

Waliporudi ndani ya gari, viti vyote vilivyowazunguka Paulina na Devota vilikuwa wazi. Watu walisongamana nyuma watatu watatu. Korosho hazikupitishwa tena. Lilian alikuwa amejitanda mtandio juu ya fulana mpaka shingoni, na kabla gari halijashika mwendo, wengine walikuwa wamevaa masweta kwenye joto lile.

Hawakwenda mbali. Tairi la nyuma lilipasuka kwa mlio, Kosta ikayumba, ikasimama pembeni. Pancha ya kawaida; Kondo alishuka akionyesha jiwe lenye ncha, akatoa jeki, akapiga mluzi. Lakini nyuma ya gari minong'ono ilikuwa imeshaanza, na Devota, aliyekulia ndani ya minong'ono ya namna hiyo, alisikia kila neno. Mimi nilisema tusimpandishe. Umeona alivyomtazama Alfred? Hii ni ya kwanza, mbele kuna malori. Kwani ile nafasi aliipataje, wangemchukua mtu wa hivi hivi tu? Hawa walikuwa watu wa ofisi. Wana vyeti ukutani. Walikuwa wamevaa mchawi kifuani tangu asubuhi, wakimchekea na kumnywesha soda, na sasa walikuwa wanaogopa kukaa naye.

Tairi lilipokwisha kufungwa walimtuma Alfred. Alikuja amekunja mikono kama mtoto aliyetumwa kuomba chumvi.

"Dada... wenzangu wanaona... yaani gari limekuwa zito. Tairi la akiba hatuna jingine. Kama mngeweza kupata usafiri mwingine, tungewaacha hapa muusubiri."

"Wote mko wangapi?" Devota aliuliza. "Na wazito ni sisi wawili?"

Alfred alitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vyekundu sasa.

Paulina hakubishana. Alishuka na kilemba chake, akasimama kivulini mwa kichaka. Alfred alishusha boksi lao mwenyewe, na hapo ikaonekana kwamba anataka kubaki. Alisema hatawaacha barabarani, si ubinadamu, atabaki nao. Aliyasema vizuri. Lakini Kosta ilipowaka na wenzake kuanza kumwita, alienda mlangoni "kuwaeleza", na hapo akakwama, mguu mmoja kwenye ngazi, mwingine chini, akiwatazama hawa na kuwatazama wale, jasho linamtoka.

"Panda, baba," Paulina alimwambia. "Panda wasikuache. Yatima si vizuri kubaki njiani." Kumbe ule usingizi wake garini ulikuwa na masikio.

Akapanda. Mlango ukafungwa. Vumbi likawafunika mama na mwana, likakaa, likaondoka.

"Umemwonea huruma?" Devota aliuliza.

"Huruma ya nini? Nilitaka aondoke. Ananuka siafu."

Lori la Fuso lililobeba mahindi kutoka kijiji cha Kisanga liliwakuta pale baada ya muda. Dereva, mzee wa makamo aitwaye Beda, alishuka akamsaidia Paulina kupanda mbele. Hakuijua filamu yoyote. Alisema mara ya mwisho kukaa kitako na kutazama kitu ilikuwa mazishi. Aliwauliza wanatoka wapi na wanafanya shughuli gani.

"Huyu ni mwalimu," Paulina alijibu. "Mimi ni mcheza filamu."

Devota alijaribu kujizuia akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea mlango wa Fuso, akacheka mpaka machozi, na mama yake akamwacha acheke, amenyoosha shingo yake mbele kama anayejua kwamba inatazamwa.

Waliingia Mikumi jioni. Jumapili mtoto alipata kipaimara chake, na Paulina alikaa benchi la mbele kanisani. Wiki moja baadaye aligoma kuendelea kukaa. Alisema kelele za malori ya barabara kuu zinamkatisha usingizi, akarudishwa Kilosa, kwenye nyumba yake. Kabla hajaondoka alimwambia mjukuu amtafutie ile sehemu yake kwenye simu, akaitazama mara nyingi, na mara hii Devota alikaa pembeni yake akaitazama pia. Alitafuta mchawi, hakumpata. Alimwona mwanamke mzuri aliyeudhiwa nyumbani kwake. Hakumsamehe mtu kwa sababu hiyo. Aliwaona tu watu wa Kilosa wajinga zaidi, na wale wa Kosta zaidi ya wa Kilosa.

Mwezi uliofuata alipiga simu kuuliza kama wageni wamekuja tena.

"Walikuja," Paulina alisema. "Kosta mbili."

"Ukafanyaje?"

"Nilikuwa nakaanga, sina muda. Niliwaambia mchawi amehama, siku hizi anaishi Dar es Salaam. Wakaniuliza mtaa gani." Msonyo ulipita kwenye simu. "Mwanangu, wakatoa kalamu."